Umeingia Linux na hujui programu zinapatikana wapi? Anzia hapa

Habari zenu ndugu zangu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote. Naandika hii kwa ajili ya yule aliyewekewa Linux kwenye laptopu, labda kanunua mashine ya mtumba mjini akaikuta nayo, labda Windows ilikuwa nzito mpaka rafiki akamshauri abadilishe, na sasa amekaa mbele ya skrini hajui aweke vipi hata kitu cha kupiga muziki. Wengi wa namna hii wanarudi Windows ndani ya wiki, na inaniuma kweli, maana mashine ilikuwa nzima na mfumo ulikuwa mzima, alichokosa ni mtu wa kumwelekeza mapema.

Tatizo linaanzia kwenye tabia tuliyokuja nayo. Kwenye Windows ukitaka programu unafungua brauza, unaandika jina lake na "free download", unaangukia tovuti yenye vitufe kumi vya kijani, unachukua setapu ya .exe unabofya mara mbili. Ukija na hiyo tabia huku utahangaika, kwa sababu .exe imetengenezwa kwa ajili ya Windows na Linux haiijui. Ndio, kuna kitu kinaitwa Wine kinachoweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, lakini mgeni usianzie hapo, utachoka bure.

Linux programu nyingi ziko kwenye ghala la mtandaoni linalotunzwa na hao hao waliotengeneza mfumo wako. Ziko maelfu kwa maelfu, zimepangwa zifanye kazi na toleo ulilonalo, zimewekewa saini ya kidijitali ili kompyuta ijue hazijachezewa njiani, na kompyuta yako ilishajua anwani ya hilo ghala toka siku ya kwanza. Kwahiyo kukimbilia Google kutafuta setapu ni sawa na mtu anayeishi Kirumba, hatua chache kutoka Mwaloni, halafu anapanda daladala kwenda Igoma kutafuta dagaa. Anza na ghala. Ukikosa huko ndio utoke nje, na nje kwenyewe kuna utaratibu, tutafika.

Kabla ya yote jua unatumia Linux ipi, maana "natumia Linux" haitoshi kumwambia mtu anayetaka kukusaidia. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri (kwenye Ubuntu na Mint bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja), uandike:

cat /etc/os-release

Itakuja jina na namba. Ukiona Ubuntu 24.04 maana yake ni toleo la mwezi wa nne mwaka 2024, namba zao ndivyo zinavyosomwa. Matoleo yenye herufi LTS yanapata matunzo ya kawaida miaka 5, yale mengine miezi 9 tu, na hii nitairudia chini kwa sababu inawatesa watu bila wao kujua. Alafu andika na hii:

uname -m

Ukiona x86_64 mashine iko kwenye mfumo wa biti 64, uko vizuri.

Maelekezo yangu yote ni ya Ubuntu, Linux Mint na Debian, ambazo ni ukoo mmoja: Debian ilianza 1993, Ubuntu ikatoka humo 2004, Mint ikaja 2006 ikajengwa juu ya Ubuntu. Ndio maana amri ya apt, inayochukua programu ghalani, inafanya kazi kote. Kama uko Fedora amri yako ni dnf, ukipewa amri ya apt haitakusaidia, na vijana wengi wanapotelea hapo, anachukua maelekezo ya mfumo mwingine anabandika kwake alafu anasema Linux mbovu.

Na hapa niseme jambo moja kwa wadogo zangu wa vyuo. Kama umeanza na Kali kwa sababu umeona video za hacking, nakuomba kwa moyo mweupe ubadilishe. Kali ni ya watu wanaopima usalama wa mifumo, haikutengenezwa iwe kompyuta ya kila siku ya mtu anayejifunza. Weka Mint au Ubuntu, ujue kwanza kutembea humo, Kali haiendi popote.

Haya, tuingie ghalani. Njia nyepesi ni ile ya kubofya. Mint ina Software Manager, iko kwenye menyu, na mimi naipenda kuliko zote kwa mgeni kwa sababu inakuonyesha maelezo, picha, na maoni ya waliotumia. Ubuntu ya saivi ina App Center, zile za nyuma kidogo iliitwa Ubuntu Software. Unaandika unachotaka, unabonyeza Install, inakuomba paswedi yako ya kuingilia, basi.

Shida ni kwamba mgeni anaandika jina la programu ya Windows. Anaandika Photoshop, haipo. Anaandika CorelDRAW, haipo. Anafunga. Ndugu yangu, tafuta kwa kazi, sio kwa jina. Chukua mfano wa dada anayesoma chuo pale Malimbe, yuko kwenye risechi, msimamizi wake kamwambia data zichakatwe kwa SPSS, programu ya takwimu. Akiandika SPSS anaweza asione kitu cha maana. Ajaribu neno linalotaja kazi, statistics, na apitie majina taratibu. Humo kuna PSPP, ambayo imetengenezwa makusudi ishike nafasi ya SPSS, inafungua faili za .sav, ina ile meza ya data na meza ya vigezo kama alivyozoea, na amri nyingi za uandishi zinafanana. Kila uchambuzi mkubwa wa SPSS haumo, lakini frequencies, crosstabs, t-test, regression ya kawaida, hivyo vipo, na kwa risechi nyingi za shahada ya kwanza hivyo ndivyo vinavyotumika. Ila amuulize msimamizi kwanza kama anakubali, asije akafika mwisho akaambiwa arudie.

Kwa wengine nitapita haraka: picha tumia GIMP, michoro na nembo Inkscape, video Kdenlive, ofisi ni LibreOffice ambayo mara nyingi tayari imo ndani, DJ kuna Mixxx, ramani QGIS. Mwenye duka la kuprinti mabango na fulana anayepokea faili za CorelDRAW za wateja kila siku, huyo namwambia ukweli, Inkscape inafungua baadhi ya faili za .cdr lakini sio zote zinakaa sawa, kwahiyo asifute Windows kwenye mashine ya biashara mpaka ajaribu na faili zake mwenyewe. Sitaki mtu akose mkate kwa sababu ya ushauri wangu.

Sasa terminali. Najua inatisha, lakini kwa bando letu la simu terminali ni rafiki mkubwa, utaona sababu. Anza na:

sudo apt update

Neno sudo linaipa amri mamlaka ya msimamizi wa mashine, ndio maana itakuuliza paswedi. Unapoandika, kwenye mifumo mingi hutaona kitu chochote, hamna nyota, hamna doti, mshale haujongei (Mint yenyewe inaonyesha nyota). Kibodi yako haijafa. Wameficha ili mtu wa nyuma yako asijue hata idadi ya herufi. Andika yote, bonyeza Enter. Hii amri haiweki programu, kazi yake ni kusoma orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Watu wanaichanganya na sudo apt upgrade, ambayo yenyewe inadaunlodi matoleo mapya ya kila kitu ulichonacho na inaweza kuondoka na bando lote la wiki kwa mkupuo. Update inasoma orodha, upgrade inashusha mzigo. Upgrade ni muhimu kwa usalama wa mashine, usiiache miezi, ila ifanye siku uko kwenye wifi ya chuo, ya ofisini au kwa jamaa.

Kutafuta:

apt search spreadsheet

Badala ya spreadsheet weka neno lako, la Kiingereza kwa sababu maelezo mengi yameandikwa hivyo. Ukiona jina limekuvutia soma kwanza habari zake:

apt show gnumeric

Alafu ukiridhika, tuseme unataka VLC, ya kupigia muziki na video:

sudo apt install vlc

Hapa ndipo napotaka utulie. Kabla ya kushusha chochote itakuandikia orodha ya vitu vitakavyokuja, alafu mstari unaoanza "Need to get" (kwenye apt mpya ni "Download size") na idadi ya MB, hizo ndizo zitakazotoka kwenye bando. Chini yake "After this operation" (kwenye apt mpya "Space needed"), hiyo ni nafasi itakayoliwa kwenye diski. Alafu inakuuliza Y au n. Soma ile namba! Ukiona MB 300 na wewe umebakiza 200, bonyeza n, hamna kilichoharibika, utarudi usiku. Kitufe cha Install kule kwenye Software Manager au App Center mara nyingi hakikusimamishi namna hii, ndio maana nasema terminali inamfaa mtu anayenunua intaneti kwa kupima.

Na ukiwa hapo hapo, kama unaandika sana Kiswahili, weka hunspell-sw, ni kamusi ya kukagua tahajia. Ukishaiweka fungua LibreOffice uchague Kiswahili kama lugha ya maandishi yako, ile mistari myekundu chini ya kila neno itapungua sana. Walimu na makarani nawaambia kila siku, wengi hawajui kama ipo.

Tuje kwenye makosa, maana hapa ndipo watu wanakata tamaa. Lile kubwa ni "Unable to locate package". Maana yake ni kwamba jina ulilotaja halipo kwenye orodha iliyo ndani ya mashine yako. Angalia kwanza herufi, kwa sababu Linux VLC na vlc ni vitu viwili, majina ya apt ni herufi ndogo tupu. La pili, je uliendesha apt update? Mashine iliyowekwa leo inaweza isiwe na orodha kamili. La tatu, kwenye Ubuntu ghala limegawanyika, na sehemu inayoitwa universe, yenye programu nyingi sana, inaweza kuwa imefungwa. Ifungue:

sudo add-apt-repository universe

alafu update tena. La nne ndilo lile nililosema nitalirudia: toleo lako limeisha muda wa matunzo. Ukiona apt update yenyewe inaleta makosa ya 404 (yaani faili halipo), nenda kaangalie namba ya toleo. Mafundi wengine wanaweka toleo la zamani walilonalo kwenye flashi toka miaka ya nyuma, mteja anaondoka na mfumo ambao ghala lake limeshahamishwa. Hapo dawa ni kuweka toleo jipya la LTS, usipoteze siku zako kupambana.

Kosa lingine ni "Could not get lock", linataja faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend. Hilo ni programu nyingine inatumia ghala muda huo, mara nyingi ni apdeti za mfumo wenyewe zinaendelea kimya kimya mara tu ulipowasha mashine. Subiri dakika kadhaa, ujaribu tena. Utakuta mtu mtandaoni anakwambia ufute lile faili, usifute, unaweza kukatiza kazi iliyo katikati ukaacha mfumo nusu nusu.

Na umeme je? Unajua mwenyewe, betri za laptopu za mtumba zinakaa dakika kumi, umeme ukikatika wakati programu inawekwa, ukiwasha unakuta kila amri ya apt inagoma. Usiogope na usifomati. Andika:

sudo dpkg --configure -a

ikimaliza weka:

sudo apt --fix-broken install

Mara nyingi inaendelea pale ilipoishia na mambo yanakaa sawa. Hizi amri mbili ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani, nasema kweli, zimeokoa mashine nyingi ambazo zilikuwa zinapelekwa kwa fundi kufutwa.

Sasa vitu ambavyo ghalani havipo, mfano Google Chrome au Zoom. Hapo ndio unaenda kwenye tovuti ya wenyewe kabisa, sio tovuti ya mtu wa kati, unachukua faili la .deb. Utaona limeandikwa amd64 na wengi wanaliacha wakisema mashine yangu ni Intel. Chukua hilo hilo. amd64 ni jina la aina ya biti 64, lilibaki hivyo kwa sababu AMD ndio waliianzisha, Intel wanaitumia vile vile. Likishashuka ingia kwenye folda lilipo:

cd ~/Downloads
sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Ile doti na mkwaju mwanzoni ni lazima, bila hivyo apt italitafuta ghalani badala ya kwenye folda. Na usitumie dpkg -i kama unavyoona kwenye maelekezo ya zamani, kwa sababu haiendi kuchukua vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi, inakuachia makosa.

Kuna pia Flatpak, Snap na AppImage, zisikuchanganye. Ni njia tatu za kufunga programu pamoja na mahitaji yake ili ikae kwenye Linux ya aina nyingi. Mint inakuja na Flatpak na inachukua kutoka Flathub, ghala la Flatpak, Snap wameizima toka toleo la 20. Ubuntu inakuja na Snap, hata Firefox yake toka 22.04 ni snap. Faida yake unapata toleo jipya kuliko la ghalani. Ubaya kwetu ni uzito: Flatpak ya kwanza kabisa inavuta na msingi wake, mamia ya MB kwa programu ambayo yenyewe ni ndogo, zinazofuata zinapungua kama zinatumia msingi ule ule. Kwahiyo kwenye Software Manager ya Mint ukiona programu ina chaguo mbili, System Package na Flatpak, na huna sababu ya kutaka toleo jipya, chukua System Package. Snap nazo zinajiapdeti zenyewe, ukiwa kwenye hotspoti ya simu bando litaisha hujui limeenda wapi. Zisimamishe:

sudo snap refresh --hold

na siku una wifi andika sudo snap refresh uzivute kwa mkono. AppImage ni faili moja tu, unalipatia ruhusa ya kuendeshwa kwa kubofya kitufe cha kulia, Properties, unaruhusu iendeshwe kama programu, alafu unabofya mara mbili. Ikikataa kufunguka kwenye Ubuntu mpya mara nyingi inakosa libfuse2, kwenye 24.04 inaitwa libfuse2t64.

Kitu kimoja ambacho nakataza wageni wote: ile mistari ya kubandika inayoanza na curl, inayovuta amri za mtu toka mtandaoni, na kuishia sudo bash, inayoziendesha kwa mamlaka yote. Hiyo unampa mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima. Kuongeza PPA za watu (maghala ya ziada yasiyo ya waliotengeneza mfumo) nako vile vile, subiri mpaka uelewe unachofanya.

Umeshaweka, programu iko wapi? Linux mara nyingi haiweki ikoni kwenye deskitopu, kwahiyo mtu anadhani haijaingia anaweka mara ya pili na ya tatu. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, andika jina, itatokea. Flatpak ya kwanza inaweza kukutaka utoke kwenye akaunti na kuingia tena ndio ionekane. Na zingine, kama ffmpeg, hazina dirisha kabisa, zinaishi terminali, utatafuta ikoni mpaka kesho.

Kwa ndugu zangu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine ambako mtandao unasumbua, kuna njia ya flashi. Mwenzako aliyeko mjini mwenye toleo lile lile kabisa la mfumo, na ambaye hiyo programu hana, aandike:

sudo apt-get install -d vlc

Hiyo -d inadaunlodi bila kuweka, na mafaili yanakaa /var/cache/apt/archives. Anakopi zile .deb kwenye folda ndani ya flashi anakutumia na mtu wa meli. Wewe ukipokea unafungua terminali ndani ya ile folda:

sudo apt install ./*.deb

Ikilalamika kuna kitu kimekosekana, itakutajia jina, unamtumia mwenzako meseji aongeze hicho. Inafanya kazi vizuri zaidi kama mashine zote mbili ziliwekwa kutoka flashi moja na hazijatofautiana sana, kwahiyo kama mko shule moja au ofisi moja wekeni toleo moja wote, itawarahisishia miaka.

Kutoa programu usiyoitaka ni sudo apt remove na jina lake, alafu sudo apt autoremove inasafisha vitegemezi vilivyobaki bila mwenyewe. Ila kabla ya kubonyeza Y soma orodha ya vinavyoondolewa. Ukiona humo kuna majina kama ubuntu-desktop, cinnamon au gnome-shell, ambazo ni deskitopu yako yenyewe, wakati wewe ulitaka kutoa gemu tu, bonyeza n, uulize kwanza mtu anayejua, ukiwa na ile orodha nzima umeikopi, maana ndiyo atakayoihitaji ili akujibu.